Kioo cha Nyuma Nilichokibandua

Asifiwe, binti yangu,

Nimeianza barua hii mara tatu, na mara tatu nimeinuka. Mara ya kwanza nilikwenda kuangalia kama geti limefungwa, na nilikuwa nimelifunga mwenyewe. Mara ya pili nilikwenda kuvuta tena kamba ya valizi yako, lile sanduku la safari, mpaka mama yako akaniuliza kama nataka kuikata. Mara ya tatu sijui nilifuata nini uani. Sasa nimekaa. Mama yako yuko chumbani kwako, namsikia akikueleza mambo ya karatasi za mpaka pale Bunagana, mambo ya maji ya kuchemsha, mambo ya kutompa mtu usiyemjua simu yako ashike hata dakika moja. Hayo anayasema vizuri kuliko mimi, siyarudii. Mimi nina neno moja tu, na ni refu.

Wiki tatu zilizopita ulifunika kioo cha nyuma cha lile gari la kijivu, lile lenye mgongo wa duara kama kibuyu. Nilisimama mlangoni mwa atelye, karakana yetu, nikijifanya natafuta wembe, kumbe nilikuwa nakuangalia. Ulitandaza fime, ile karatasi yetu ya kutia vioo giza, juu ya kioo kwa nje, ukapaka poda, ukaishika katikati, na ile mikunjo yote ikakimbilia juu na chini kama sketi ya shule. Wengi wakiona mikunjo ile wanachukua mkasi. Wewe ulichukua mashine ya hewa ya moto, ukaipitisha bila kusimama, kushoto, kulia, na mikunjo ikaanza kusinyaa mmoja mmoja mpaka karatasi ikalala juu ya duara la kioo utadhani ilizaliwa nalo. Kipande kimoja. Hakuna kiungo, hakuna kovu, hakuna povu la maji. Ukaihamishia ndani, ukaikamua maji kwa rakleti ya mpira, ukarudi nyuma hatua mbili kuitazama.

Halafu mimi nikaja na wembe, nikaibandua yote mbele ya mteja.

Mteja akauliza, "Muzee, kuko shida gani?" Nikamjibu, "Hakuna shida. Nyeusi ya namna hii hatufanyake hapa. Pesa yako hii." Wewe ulisimama na kitambaa mkononi. Ulingoja mpaka gari likaondoka, kisha ukaniambia kwa sauti ndogo, na sauti ndogo ndiyo mbaya zaidi kwako tangu utotoni: "Papa, uko na wivu. Umeona mikono yangu imepita yako."

Nilinyamaza. Jioni ileile ukampigia simu yule mama wa Kampala anayetafuta fundi, na kesho asubuhi unaondoka.

Mikono yako imepita yangu, hiyo ni kweli, na nilipaswa kukuambia zamani. Lakini siyo wivu. Siwezi kukuacha upande basi ukibeba sababu isiyokuwa yenyewe.

Lazima nianzie mbali kidogo, mahali ambapo sikuwahi kuanzia nilipokuwa nakusimulia maisha yangu. Unajua kwamba mlima ulipopasuka ile mara ya kwanza, kabla hujazaliwa, nilikuwa kijana wa kupaka rangi magari katika garaje moja katikati ya mji. Unajua moto ulishuka ukapita mjini mpaka ziwani, na sisi tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na nguo tulizovaa. Tuliporudi, garaje ilikuwa chini ya jiwe jeusi ambalo bado lilikuwa na joto. Soli za viatu vyangu zilibaki pale. Ndiyo maana nilikwenda Kampala kutafuta kazi. Hayo nimekwambia mara nyingi. Nilichokuwa nakificha ni sababu ya kurudi.

Kule nilijifunza fime kwa mzee mmoja tuliyemwita Salongo, jina wanalompa baba wa mapacha. Hakuwa mtu wa maneno. Ukikosea alikushika kifundo cha mkono na kuusogeza mkono wako kama wa mtoto anayejifunza kuandika. Kwake ndiko nilikojua kwamba karatasi hii inakubali kusinyaa upande mmoja tu, na kwamba ukiikata vibaya kwenye roli ilikoviringwa utaichoma bure siku nzima. Asubuhi moja yenye baridi, baada ya mvua, nilikuwa na haraka. Kioo cha nyuma kilikuwa baridi kama jiwe la mto, nami nikasimamisha moto mahali pamoja. Kililia mara moja, pa! kikamwagika chote kama mahindi. Salongo alikuwa nje. Alipoingia nilimwambia, "Nilikikuta kina ufa." Sikupanga kusema hivyo. Mdomo ulisema wenyewe.

Aliniangalia. Hakuniita mwongo. Alinichukua mpaka nyumbani kwa mwenye gari, akanisimamisha mlangoni, akasema, "Mwambie." Nikamwambia yule bwana uongo uleule, mbele ya Salongo. Mwezi haukuisha, nikarudi Goma. Sikufukuzwa. Nilishindwa tu kula sahani moja na mtu aliyenijua.

Basi huyo ndiye papa yako, Asifiwe. Akiogopa, mdomo wake unakana kabla kichwa hakijafika. Wewe hujui mtu huyo kwa sababu kwako nimejificha vizuri.

Nilifungua kazi hapa Ndosho, nikamwoa mama yako, ukazaliwa. Mjini hapa nilikuwa peke yangu niliyeweza kufunika kioo cha nyuma kwa kipande kimoja. Wengine walikata vipande vitatu, wakavificha kwenye mistari ile ya kupasha kioo joto, na baada ya miezi miwili vinafunguka kama maganda ya vitunguu. Watu wa Himbi wenye magari mazuri walishuka mpaka huku kwetu penye mawe kunitafuta. Nilipenda. Nilipenda mno, na kupenda kule kuna sehemu yake katika yaliyofuata.

Unamkumbuka Mwalimu Bahati. Najua unamkumbuka, maana darasa la tatu ulitembea miezi na mkono mmoja nyuma ya mgongo kama yeye. Alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mume wa Mama Aline. Jumamosi alikuja atelye kuchaji simu kwenye jenereta yetu, akakaa kwenye tairi, akasahihisha madaftari yenu huku ananiambia nani amejua kuandika na nani anadanganya. Alisema wewe unaandika kama mtu anayekimbia mvua. Alikuwa anacheka mwenyewe kabla hajamaliza kusema jambo la kuchekesha, basi ulikuwa unachelewa kulijua.

Ulikuwa na miaka minane waasi walipoingia mjini. Siku zile wenye bunduki walikuwa wengi na kila mmoja alikuwa na mkubwa wake. Watu walichukuliwa na hukujua umwendee nani kumwuliza. Katika siku hizo alikuja mtu mmoja kwenye atelye. Viatu safi, sauti ya taratibu, Kiswahili cha hapahapa. Alisema ana gari dogo jeupe lenye kioo cha nyuma cha duara, na ameambiwa ni mimi tu ninayekiweza. Lakini kazi haitafanyika barabarani. Nitakwenda kwake, kuna umeme.

Alinipeleka kwenye nyumba yenye ukuta mrefu na geti la buluu. Nilifanya kazi kwa muda wa saa tatu. Alitaka karatasi nyeusi kuliko zote. "Sitaki mutu aone hata kivuli," alisema. Nilicheka nikamwambia hata yeye mwenyewe hatajiona. Nilikuwa nacheka, Asifiwe! Uani mlikuwa na chumba kimoja kilichofungwa kwa nje, na mlangoni pake kulikuwa na ndara za watu wanne au watano zimetupwa ovyo. Niliziona. Mtu anayevua ndara zake huziweka pamoja. Hizo zilikuwa zimevuliwa na mtu mwingine. Nilizitazama, kisha nikarudi kwenye kioo, nikaona pale pembeni kushoto, chini, moto wangu umezidi na kumebaki kunjo dogo kama ukucha. Hilo ndilo lililonisumbua njiani kurudi. Lile kunjo.

Nimeinuka tena. Nimekunywa maji. Mama yako ameuliza kutoka chumbani kwako kama ninaumwa.

Siku tisa baadaye, mchana, baada ya shule kutoka, gari jeupe lilipita mbele ya atelye likielekea mjini. Lilipunguza mwendo pale penye matuta ya mawe. Nikaona pembeni kushoto, chini, ukucha wangu. Nikainama nikaendelea na kazi. Haikupita nusu saa nikasikia wanawake wanapiga kelele upande wa shule. Mwalimu Bahati alikuwa amekamatwa mbele ya geti la shule, chaki bado mkononi, na mpaka leo sijajua kosa lake lilikuwa nini.

Mama Aline alikuja mbio, kitenge kimemfunguka, kiatu kimoja. Alikuwa anauliza kila mtu mwenye meza au duka kando ya barabara. Akafika kwangu.

"Papa Asifiwe, balimubeba Bahati! Motokari ya mweupe, vioo bya fime. Ilipita hapa. Uliiona?"

"Sikuone kitu, mama."

"Ilipita hapa mbele yako."

"Nilikuwa ndani. Sikuone."

"Weye ndiye unajua magari yote ya fime ya mji huu. Ni ya nani?"

"Mama, iko mingi. Siwezi jua."

Alisimama akaniangalia. Kisha akaenda kumwuliza muuza mkaa.

Unaona jinsi ilivyo fupi. Nimebeba maneno yale miaka yote, na nikiyaandika hayajazi hata nusu ya karatasi. Nilijua gari. Nilijua mtu, sauti yake na viatu vyake. Nilijua geti la buluu na chumba cha uani. Ningeweza kumshika mkono yule mama nikamfikisha mlangoni kwa mguu.

Nimejiambia sababu nyingi. Kwamba wangejua ni mimi niliyesema, maana ni fundi mmoja tu aliyeingia mle. Kwamba wewe ulikuwa mdogo na mama yako alikuwa na mimba ya mdogo wako. Sababu hizo ni za kweli na sizitupi. Hofu ya siku zile haikuwa ya kuchezea. Lakini nilikuwa na njia nyingine. Ningeweza kumtuma mtu. Ningeweza kumwambia pasta. Ningeweza kuandika "geti la buluu" kwenye kipande cha karatasi na kukipitisha chini ya mlango wa Mama Aline usiku. Sikufanya hata lile dogo. Kila siku niliyochelewa ilifanya siku iliyofuata kuwa ngumu zaidi, kwa sababu sasa angeuliza pia kwa nini sikusema jana.

Wewe uliniuliza, "Papa, Mwalimu atarudi lini?" Nikasema karibu. Uliuliza tena na tena, halafu siku moja ukaacha, na mimi nikashukuru. Fikiria baba anayeshukuru kwa sababu mtoto ameacha kutumaini.

Miaka ikapita. Vita vile vikaisha, vingine vikaanza. Mama Aline akawa ndiye anayekusuka nywele kila Jumapili, na mimi kila Jumapili nikawa na gari la kulala chini yake. Ulikuwa unanicheka: papa anafanya kazi hata siku ya Bwana.

Kisha mlima ukapasuka tena. Ulikuwa na miaka kumi na saba, hayo unayakumbuka mwenyewe: mbingu nyekundu, kisha siku za matetemeko, kuta zinapasuka kila mahali, mpaka tukaamriwa kutoka mjini, na mji wote ukamwagika kwenye barabara ya Sake. Wewe ulibeba godoro kichwani, umemshika mdogo wako mkono. Mama Aline alikuwa peke yake. Watoto wake walikuwa wamekwenda mbele. Goti lake lilivimba, nikambeba mgongoni sehemu ya njia. Watu walisema, angalia jirani mwema. Nilisikia kila mmoja aliyesema hivyo.

Siku ya tatu pale Sake tulikaa kando ya barabara, na mama yako akakuchukua kwenda kutafuta maji. Tukabaki wawili, mimi na Mama Aline, na mabegi. Ardhi ikatikisika kidogo. Yeye akasema, kama mtu anayeongea na goti lake, "Bahati alikuwa anaogopa tetemeko kuliko risasi." Ndipo nikasema.

Nilisema yote kwa mpigo mmoja. Gari, geti, ndara, ukucha wa kushoto. Nilipomaliza hakulia. Aliniambia, "Nilijua uko na kitu. Siku ile nilisema 'motokari ya mweupe', macho yako ilianguka chini. Nikangoja. Nilisema, atakuja leo. Atakuja kesho. Mwaka wa kwanza nilikungoja kila siku, Papa Asifiwe. Juu ya nini unafikiri nilikuwa nasuka mutoto wako? Nilikuwa nakuja ili uniambie."

Akaendelea:

"Siku ile ilipopita mbele yako, yeye alikuwa mule ndani?"

"Sijui. Labda walikuwa wanakwenda kumchukua. Labda walikuwa wanarudi naye."

"Uliangalia?"

"Niliangalia."

"Alikuwa amekaa, ao balikuwa bamemulalisha?"

"Sikuona, mama."

"Usinidanganye sasa. Nimechoka."

"Sikuona. Kioo kilikuwa cheusi kabisa. Mimi mwenyewe ndiye nilikifanya cheusi."

Aligeuka akaangalia watu wanapita na mbuzi zao na masufuria. Mkafika na maji. Wewe ukaniuliza tulikuwa tunaongea nini, nikakwambia tulikuwa tunaomba. Hata siku ile, Asifiwe. Hata saa ile.

Tuliporudi mjini Mama Aline alikuja na wadogo wawili wa marehemu Bahati, ingawa siku hiyo hakuna aliyethubutu kumwita marehemu. Nikawaonyesha geti. Sasa lilikuwa la kijani na familia nyingine ilikaa mle, watu wasiojua lolote. Lakini kwa kuulizauliza mtaani walimpata mshonaji mmoja ambaye miaka ile alifungiwa katika chumba kilekile. Yeye ndiye aliyewaambia. Mwalimu Bahati aliishi mle siku kumi na nane. Hakupigwa sana, alisema. Aliugua tumbo, hakukuwa na dawa, akaishia humo. Kila asubuhi aliuliza ni tarehe gani, kwa sababu mitihani yenu ilikuwa karibu na maswali alikuwa hajamaliza kuyaandika. Watu wawili kati ya waliokuwa naye, mmoja ni huyo mshonaji, walitoka wazima. Ndugu zao walikuwa wamejua nyumba ni ipi, wakaja na wazee na mapasta, wakakaa mbele ya geti mchana na usiku mpaka likafunguka.

Siku kumi na nane. Katika siku hizo mimi nilikuwa nikizunguka njia ya mbali nisipite pale.

Tulikaa nyumbani kwa Mama Aline, mimi, mama yako, wale wadogo wawili na pasta wao. Nikasema tena yote, nimesimama. Mdogo mmoja alitoka nje. Mwingine aliniuliza swali moja: "Ulikuwa unalala?" Nikamjibu kwamba nilikuwa nalala. Ndiyo, nilikuwa nalala vizuri, na hilo ndilo lililowaumiza kuliko mengine. Mwishowe wakaamua maneno yasitoke nje ya nyumba ile, maana hatukujua wale watu wako wapi na kuna watoto. Ndiyo maana hukujua. Kisha wakaweka kilio cha matanga, miaka tisa imechelewa, na wewe uliimba na kwaya. Ulifikiri nalia kwa sababu yalikuwa mazishi bila jeneza.

Baada ya hapo niliacha nyeusi ya mwisho, ile isiyoonyesha kitu, na wateja walioitaka niliwarudisha kimyakimya. Siyo kwa sababu kila kioo cheusi kina mtu nyuma yake. Mama anaficha mtoto asichomwe na jua, mfanyabiashara anaficha bidhaa zake, kijana anataka tu aonekane mkubwa. Huko Kampala watakuletea magari ya kila namna na sikuambii umkatalie nani. Kule si hapa, na wewe si mimi. Mimi siwezi tu. Nikifika kwenye hatua ile ya mwisho, karatasi imelala na upande wa pili hauonekani tena, mikono yangu inaanza kutafuta wembe.

Lakini ningeweza kukuambia. Hilo ndilo kosa langu kwako. Ulinifanyia kazi safi ambayo mimi sikuwahi kuifanya, bila hata ukucha mmoja, na badala ya kukuita kando na kukueleza, nikaichana mbele ya mgeni, nikakuacha utafute sababu mwenyewe. Uliipata iliyokuwa karibu. Mtu anayenyimwa ukweli atakula chochote. Ilikuwa ni ulimi wangu uleule, Asifiwe, ule wa kwa Salongo na wa mbele ya Mama Aline. Safari hii ulijificha kwa kunyamaza tu. Nisamehe kwa hilo. Kwa lile lingine usinisamehe upesi. Siyo lako kulisamehe, na nisingependa liwe jepesi kwako.

Utauliza kama Mama Aline amenisamehe. Sijui. Ananisalimia. Mimi sijaomba, yeye hajasema. Miaka hii tangu Sake amepita mbele ya atelye kila asubuhi akienda Kituku kununua samaki, na kila asubuhi anasimama kidogo, ananitazama usoni, anasema "Papa Asifiwe," nami nasema "Mama Aline," kisha anaendelea. Nilifikiri zamani kwamba ni adhabu. Siku hizi sina hakika. Labda anahakikisha tu kwamba macho yangu hayako chini.

Jumatano alikuja hapa wewe ukiwa sokoni. Mama yako alimwambia unaondoka, na jinsi tulivyogombana. Aliniita nje.

"Umemuambia mutoto?"

"Bado."

"Anaenda Kampala na hasira ya bure?"

"Anafikiri nina wivu."

"Basi mupe hasira ya kweli. Hiyo ya bure itamuharibu."

"Ni mambo yako na ya Bahati, mama. Siwezi kuyatoa bila ruhusa yako."

"Ruhusa ni hii. Alikuwa mwalimu wake. Ajue."

Akaondoka na beseni lake. Tangu Jumatano mpaka leo nimekuwa na kalamu mfukoni kama mtu mwenye ofisi.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini ya nguo zako, uikute ukiwa umeshavuka Bunagana, umeshafika, mlango wa chumba chako kipya umefungwa. Ungesoma peke yako. Ungekasirika mbali, ungelia mbali, na ungeniandikia baada ya mwezi mmoja barua ya adabu. Nimegundua sasa hivi, nikiandika mstari huu, kwa nini nilipenda mpango ule.

Mama yako ametoka chumbani kwako na amekwenda kulala. Taa yako bado inawaka, nasikia unatembea. Nitaipitisha barua chini ya mlango wako nikimaliza neno hili. Isome, halafu utoke. Niko hapa mezani, na motari, yule wa pikipiki wa kukupeleka kwenye basi, haji kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Niulize unachotaka, kwa sauti unayotaka. Nitajibu.

Papa yako